Msituzibie Baraza

Shangazi yangu alishona nguo kwenye baraza moja katikati ya Mbale kwa miaka kumi na saba. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa kati ya nguzo mbili nene, yeye mgongo ukutani na uso barabarani. Mvua iliposhuka kutoka Wanale, wapita njia walikimbilia hapo wakasimama mpaka ipite. Wengine, wakiwa wamesimama, walikumbuka kwamba shati limekatika kifungo au sketi imefumuka pindo, na shangazi akapata kazi. Mwaka juzi mwenye jengo alileta matofali ya saruji. Kwa siku tisa tu nguzo zilimezwa na ukuta, ukuta ukawekwa vioo vyeusi, na baraza likawa chumba cha kuuzia simu. Shangazi alihamia ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwanangu, jua hili halina adabu."

Naandika kwa hasira, na sioni haya kusema hivyo. Lakini hasira yangu isieleweke vibaya. Sikasiriki kwa sababu jengo la zamani limebadilishwa. Majengo ya Mbale na Jinja yamekuwa yakibadilishwa tangu rangi yake ya kwanza ilipokauka. Nakasirika kwa sababu siku hizi tunabadilisha sehemu ambayo haikuwa ya mwenye nyumba peke yake. Baraza ni sehemu ya nyumba iliyo nje ya nyumba. Nguzo ni za mwenye hati, lakini kivuli ni cha mji. Nasema basi: mwenye jengo na abadilishe atakacho nyuma ya ukuta wake, ila baraza asilizibe, na kabla ya kuvunja chochote aache kumbukumbu ya kilichokuwapo.

Kwa msomaji asiyeifahamu miji yetu, nieleze kwanza majengo ninayoyasema. Tembea Main Street ya Jinja, au Naboa Road ya Mbale, uinue macho. Utaona majengo ya ghorofa moja au mbili yaliyoshikana mabega, duka chini na makao juu, na nyuma yake ua wenye ghala na jiko. Mengi yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya uhuru. Kwenye paji la jengo, juu karibu na paa, mara nyingi utasoma mwaka lilipojengwa na pengine jina la familia. Miaka ya 1930 na 1940 mtindo uitwao Art Deco ulifika kwetu, nao ukaacha kona za mviringo, mistari iliyonyooka na vipaa vya ngazi ngazi. Mbele ya yote, ghorofa ya juu au paa limesogea mpaka ukingoni mwa barabara, likabebwa na nguzo. Hapo chini ndipo penye baraza.

Nguzo hizo hazikuwekwa kwa urembo tu. Baraza lilikuwa sehemu ya ufundi wa kupoza nyumba. Jua liliishia kwenye nguzo na halikuugusa ukuta wa duka. Dari ziliwekwa juu sana ili hewa ya moto ipande, na chini ya dari yaliachwa matundu ili hewa hiyo itoke. Mvua ya Jinja, inayotoka ziwani ikiwa imeinama kwa upepo, iliwalowesha watu wa barazani viatu tu, na unga na vitambaa vya dukani vikabaki vikavu. Mwenye duka alipata wateja waliokuja kujikinga, na aliyekuja kujikinga hakudaiwa chochote. Mapatano hayo hayakuandikwa popote, lakini yalidumu.

Sasa tazama mabadiliko yaliyopita juu ya majengo haya. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin akiwa Tororo, si mbali na Mbale, alitangaza kwamba Waasia waondoke. Walipewa siku 90. Maduka na nyumba zao ziligawiwa, na waliogawiwa wakapata jina ambalo kila Mganda wa umri wa babu yangu analijua: mafutamingi. Chumba cha familia moja kiligawanywa kwa mbao kikawa vyumba vitatu vya familia tatu. Roshani zikawa majiko ya makaa, na dari nyeupe zikawa nyeusi. Uani vikaongezwa vibanda vya kupangisha. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kurudisha mali zilizotaifishwa, na miaka ya 1990 wengi walirudi na hati zao, au watoto wao walirudi. Wengine walipaka rangi upya, wengine waliuza wakaondoka tena. Kisha zikaja benki, maduka makubwa, vioo vya madirisha na mabango ya kampuni za simu.

Kila kizazi kiliacha alama yake, na sidai hata alama moja ifutwe. Lakini angalia jambo moja. Katika misukosuko yote hiyo, jengo likiwa mikononi mwa baba wa Kigujarati, likiwa mikononi mwa mwanajeshi, likiwa limejaa wapangaji kumi na wawili, mabaraza mengi yalibaki wazi. Yalibaki wazi kwa sababu kila mtu aliyahitaji: fundi wa saa na meza yake ndogo, muuza magazeti, mshona viatu, askari wa usiku na blanketi lake, mwanafunzi asiye na mwavuli. Watawala waliokuwa wakali kuliko hawa wetu hawakuona faida ya kuyaziba. Sisi wa leo, tunaojiita wastaarabu, tumeiona.

Hata lugha zetu zinatusuta. Mganda na Msoga huita sehemu hiyo lubalaza. Duka kwao ni dduuka, dirisha ni ddirisa, fundi ni ffundi. Maneno haya yalipanda kutoka pwani pamoja na bidhaa na watu, yakabisha hodi kwenye lugha za wenyeji, yakakaribishwa. Kiswahili chenyewe kina neno moja kwa mahali pa kukaa mbele ya nyumba na kwa watu waliokaa kushauriana. Anayeketi barazani na anayeketi katika baraza la mji wanabeba jina moja. Ndiyo maana inauma mabaraza ya miji yanapokaa kimya huku mabaraza ya nyumba yakizibwa.

Nimewasikia wapinzani wa hoja hii, wengine wakiwa wanafunzi wenzangu. Niwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema: hizi ni nyumba za Wahindi, zilijengwa wakati wa ukoloni, sisi zinatuhusu nini? Aliyeniambia hivi alikuwa ameketi nami kwenye ngazi za jengo la aina hiyo hapa Jinja, tunakula chapati na maharage, na mvua inanyesha. Sikumcheka, kwa maana hoja yake ina ukweli mchungu. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa kwenye bustani karibu na ziwa, Waasia mtaa wa maduka, na wafanyakazi Waafrika wakajengewa Walukuba, pembeni. Babu zetu waliruhusiwa kusimama kwenye baraza muda mrefu kabla ya kuweza kumiliki duka lililo nyuma yake.

Lakini tuulize fedha za kujengea zilitoka wapi. Reli ya kutoka Jinja hadi Namasagali, iliyofunguliwa mwaka 1912, ilibeba pamba. Pamba hiyo ililimwa na Wasoga na majirani zao kwa jembe la mkono, ikauzwa kwa bei ambayo mkulima hakuipanga. Mbale ilinenepa kwa pamba ya tambarare na kahawa ya mlimani, kahawa iliyoshushwa na Wagisu kwa vichwa na kwa punda. Mwaka 1954 wakulima wa Bugisu waliunda chama chao kikuu cha ushirika kwa sababu walitaka kuuza kahawa yao wenyewe; walikuwa wameona faida inaishia wapi. Sehemu ya faida hiyo iliishia kwenye saruji, kwenye nguzo, kwenye vigae. Matofali yalibebwa na vibarua wa hapa, na mafundi wa Kihindi na wa Kiafrika walisimama kwenye jukwaa moja la miti. Jengo hilo ni risiti ya jasho la babu zetu. Ukilibomoa kwa sababu ya jina lililo juu yake, hulipizi kisasi. Unachoma risiti.

Na sisi tunaosoma Kiswahili tungepaswa kuielewa hoja hii kuliko wengine. Mwaka 1973 Amin huyohuyo alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa miaka mingi baadaye Waganda wengi walikichukia kwa sababu walikisikia vizuizini, kinywani mwa mwenye bunduki. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lugha haikubadilika ikawa nyingine. Tuliamua kuitenganisha na waliotutukana kwayo. Kama tumeweza kufanya hivyo kwa lugha, tunashindwaje kwa nguzo za saruji?

Wa pili anasema: nyumba ni yangu, hati ninayo. Huyu ndiye mwenye nguvu, kwa sababu ana fedha na ana mafundi. Namjibu kwamba hati haijawahi kumaanisha kila kitu. Sheria ya Mipango Miji ya Uganda ya mwaka 2010 inamtaka mtu apate kibali kabla ya kuendeleza ardhi yake, hata kama hati iko sandukuni. Uingereza, nchi tunayopenda kuitaja tunapotaka kuonekana wa kisasa, ina majumba ya mabwana wa zamani yaliyojengwa na babu, yakaongezwa bawa na mwana, yakawekewa madirisha mapya na mjukuu. Sheria yao haisemi jumba lililoorodheshwa lisiguswe; inasema mwenye jumba aombe ruhusa kabla ya kuligusa, na aeleze anachotaka kufanya. Mwenye jumba mwenye mashamba na farasi anaomba ruhusa. Mwenye duka la simu haombi?

Wa tatu anasema: tumekuwa jiji, jiji linataka vioo. Ni kweli, Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Lakini hadhi haikubadilisha jua. Ukuta wa vioo unaoelekea magharibi, usio na baraza mbele yake, ni jiko. Ingia saa tisa mchana kwenye chumba kilichokuwa baraza uone: feni mbili zinazunguka, muuzaji anajipepea kwa karatasi, mlango umefunguliwa kwa jiwe. Wengine wameshafunga mashine za kupoza hewa. Sisi wa Jinja tunalala jirani na bwawa la Nalubaale, linalozalisha umeme tangu 1954, lakini bili hatusamehewi kwa ujirani. Babu wa mwenye duka alipozwa na kivuli bure. Mjukuu ananunua baridi kwa uniti.

Na mpita njia je? Baraza likizibwa, mguu wake unahamia barabarani. Hapo anakutana na bodaboda, na lori la miwa, na maji ya mfereji. Miaka ya karibuni barabara kadhaa za miji yetu zimetengenezwa upya, na njia za waenda kwa miguu zimewekwa, jambo ninalolishukuru. Lakini njia hizo hazina paa. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, mtoto wa shule anayerudi saa kumi mvua ikianza, wote walikuwa na paa tayari, na halikugharimu serikali shilingi. Mbale tunajua maji yanavyoweza kufanya. Hakuna aliyesahau mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mto Nabuyonga ulipotoka kitandani mwake. Mji unaojua mvua hivyo haupaswi kudharau mahali palipoinuliwa na kuezekwa.

Wa nne simtarajii kuwa mpinzani, kwa sababu anajiita mpenzi wa historia. Yeye anataka majengo yarudishwe kama yalivyokuwa 1935: rangi ileile, herufi zilezile, na baraza safi lisilo na fundi wala muuza karanga. Anapiga picha nzuri. Lakini anaponiambia kwamba vibanda vya uani na moshi wa dari ni uchafu wa kufutwa, namuuliza kwa nini historia iishe siku mwenye jengo wa kwanza alipoondoka. Miaka ya wapangaji nayo ni historia, na ni yetu zaidi. Nimeona hapa Jinja jengo lililokarabatiwa kwa ustadi mkubwa likawa mkahawa. Nguzo zimesafishwa, sakafu inang'aa, na kati ya nguzo na nguzo imefungwa kamba. Asiyenunua kahawa hapiti. Baraza hilo halikuzibwa kwa matofali, lakini limezibwa.

Mfano wa kumjibu uko Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilipigwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896, na baadaye likapata mbele yake mnara wa saa ambao haukuwapo mwanzoni. Baada ya hapo likawa ofisi za serikali ya kikoloni, kisha makumbusho. Hakuna Mzanzibari aliyesema kwamba kwa sababu ya mnara ule jumba si jumba tena. Mabadiliko yalilifanya liwe la watu wengi zaidi. Sehemu yake kubwa iliporomoka Desemba 2020, wakati lilipokuwa likikarabatiwa baada ya miaka ya kuchakaa. Ninalojifunza hapo ni kwamba jengo huweza kuvumilia mizinga na mnara mpya, lakini kusubiri kwa muda mrefu mno hulishinda.

Basi tunataka nini? Matakwa yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

Kwanza, kibali chochote cha kubadilisha jengo lenye baraza katika mitaa ya katikati kiwe na sharti moja lisilojadiliwa: baraza libaki wazi. Anayetaka ghorofa tano na ajenge, lakini chini aache njia iliyoezekwa, kwa upana uleule wa jirani zake, ili mtu aweze kutembea mtaa mzima bila kulowa. Sharti hili haliwahusu wapenda kale tu. Jengo jipya kabisa nalo lilifuate.

Pili, kabla ya nyundo ya kwanza, jengo lipigwe picha, lipimwe, lichorwe, na nakala ibaki mjini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tumepoteza majengo mangapi ambayo leo hatuwezi hata kubishana kuhusu rangi yake?

Tatu, mabango yasifunike mwaka na jina. Jengo la shangazi yangu lilikuwa na tarakimu nne juu ya paji lake. Nilijifunza kusoma namba nikizitazama, nikisubiri amalize kazi twende nyumbani. Leo ziko nyuma ya bati linalong'aa.

Nne, anayefanya kazi barazani atambuliwe. Analipa ushuru, analinda mlango wa duka, anamwelekeza mgeni. Kumwondoa kwa taarifa ya siku mbili, kana kwamba ni ndoo iliyosahaulika, ni dhuluma, hata kama sheria haijaipa jina.

Na sisi wanafunzi tuna la kufanya bila kungoja kibali cha mtu. Kila mmoja wetu anajua jengo moja. Aende na daftari, aulize wazee nani aliishi juu, nani aliuza nini chini, ukuta upi uliongezwa na nani. Aandike kwa Kiswahili, ili Mgisu amsome Msoga, na Msoga amsome Mteso. Likizo iliyopita nilianza na shangazi. Tulisimama mbele ya ukuta ule wa vioo, naye akanionyesha kwa kidole, bila kusita, mahali nguzo zilipo ndani ya matofali, mahali fundi wa redio alipokaa, na mahali maji ya paa yalipodondokea. Niliandika yote. Kijana wa dukani alitoka akatuuliza tunatafuta nini. Shangazi akamjibu, "Mahali pangu."

Wazee walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia tuzibe baraza. Ewe msomaji, siku mvua itakapokukuta katikati ya Jinja au Mbale, tazama miguu yako imekukimbiza wapi. Ukiona nguzo mbele yako na ukuta mkavu nyuma yako, jua kwamba umesimama kwenye mali ya mtu aliyekubali usimame. Kabla mvua haijaisha, hesabu mabaraza yaliyobaki mtaani, uyaandike, kisha upeleke hesabu hiyo kwa diwani wako.